Conrad Schlumberger, mwalimu aliyetumia umeme kusoma mawe ndani ya mashimo

Kila mtu aliyelipia foraji anajua hofu yake: unalipa kila mita, na unaweza kufika chini bila kupata maji. Ndiyo maana mara nyingi, mbele ya mashine kuletwa, wataalamu wanapiga vijiti vinne vya chuma katika udongo, wanatandaza waya katika mstari ulionyooka, wanapitisha umeme na kuandika tarakimu katika daftari. Namna moja ya kupanga vijiti hivyo, inayotumiwa katika inchi nyingi za Afrika kwa kutafuta maji, inaitwa Schlumberger.

Jina hilo ni la Conrad Schlumberger, Mfaransa aliyekufa mwaka wa 1936. Wengi wanalijua kama jina la kampuni kubwa ya kazi za petroli. Lakini yeye alianza kama mwalimu wa fizikia mwenye swali moja: ukipima umeme katika udongo usiouona, utajuaje tarakimu zako zinasema nini? Alitumia maisha yake yote kulijibu. Leo kompyuta zinazochora mawe yanayozunguka shimo la petroli bado zinafanya kazi juu ya swali hilo.

Mtoto wa Alsace

Conrad alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1878 katika mji wa Guebwiller, jimbo la Alsace. Wakati ule Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani, iliyoichukua mwaka wa 1871 kisha kuishinda Ufaransa katika vita. Familia ya Schlumberger ilikuwa ya Waprotestanti wenye viwanda vya nguo. Baba yake, Paul, alikuwa mtu wa viwanda aliyependa sana sayansi. Mama yake, Marguerite de Witt, alikuwa mjukuu wa François Guizot, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa. Mama huyo aliongoza chama kilichodai wanawake wa Ufaransa wapewe haki ya kupiga kura. Alikufa mwaka wa 1924, miaka 20 mbele ya haki hiyo kupatikana.

Katika nyumba hiyo kila mtoto alishika njia yake. Jean, kaka mkubwa wa Conrad, akawa mwandishi wa vitabu. Maurice akafanya kazi ya benki. Conrad alipenda fizikia, na mdogo wake Marcel, aliyezaliwa mwaka wa 1884, alikuwa na mikono ya fundi: alijua kutengeneza mashine ambazo hazijawahi kuwepo.

Mwaka wa 1898 Conrad aliingia École Polytechnique ya Paris, kisha akasomea uhandisi wa migodi. Mwaka wa 1907 akapewa kazi ya kufundisha fizikia katika École des Mines ya Paris. Ilikuwa kazi ya heshima, ambayo mtu angeweza kuifanya mpaka uzeeni.

Bafu la shaba

Wakati ule, mtu aliyetafuta madini hakuwa na njia nyingi. Alitembea, aliangalia mawe yanayoonekana juu, alichimba na kungojea bahati. Dira ya sumaku ilisaidia kwa aina fulani ya madini ya chuma, lakini kwa shaba au petroli haikusema kitu.

Conrad aliwaza juu ya umeme. Mawe hayapitishi umeme sawasawa. Madini ya shaba yaliyochanganyika na kiberiti yanaupitisha vizuri. Granite inauzuia. Mchanga wenye maji ya chumvi unaupitisha, lakini mchanga huo huo ukijaa petroli unauzuia. Wanafizikia wanaita uwezo huo wa kuzuia umeme ukinzani. Kama mtu anaweza kupima ukinzani wa mawe kutoka juu ya udongo, anaweza kujua kilichofichwa chini bila kuchimba.

Karibu mwaka wa 1911 alianza majaribio katika chumba cha chini cha École des Mines. Alichukua bafu la shaba, akalijaza mchanga na mawe, akapitisha umeme na kupima volti mahali mbalimbali. Kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyepanga kila kitu ndani ya bafu, alijua jibu mbele ya kupima. Aliweza kuona kama tarakimu zinafuata ukweli au zinampoteza.

Jaribio hilo lilisimama juu ya hesabu. Ukipitisha umeme kati ya vijiti viwili katika udongo wa aina moja tu, fizikia inakuambia kabisa umbo la mistari inayounganisha mahali penye volti sawa. Unaweza kuichora mezani, bila kutoka nje. Kisha unakwenda uwanjani na kupima. Mistari uliyoipima ikifanana na ile ya hesabu, udongo ni wa aina moja. Ikipinda, kuna kitu kinachoipinda. Kwa hiyo kipimo peke yake hakikutosha. Conrad alihitaji kwanza kujua kile ambacho udongo wa kawaida ungeonyesha.

Katika majira ya joto ya mwaka wa 1912 alitoka katika chumba kile na kwenda Val-Richer, shamba la familia ya mama yake katika jimbo la Normandie. Huko alichora ramani ya kwanza ya mistari ya volti katika udongo wa kweli. Mbele ya vita, huko Bor, Serbia, njia zake za umeme zilionyesha mahali penye madini ya shaba. Aligundua pia kwamba kuna fasi ambapo udongo unatoa umeme mdogo wenyewe, bila mtu kuuingiza. Jambo hilo lingemsaidia miaka mingi baadaye.

Kisha vita ya kwanza ya dunia ikaanza. Conrad akavaa nguo za askari, afisa wa mizinga, na majaribio yakasimama.

Pesa ya baba

Vita ilipokwisha, Alsace ilirudi Ufaransa na Conrad alirudi kwa kazi yake. Alikuwa na zaidi ya miaka 40, mke na mabinti watatu. Alikuwa na wazo lililofanya kazi mahali fulani, lakini hakuna aliyeweza kuahidi kwamba lingelisha familia.

Baba yake ndiye aliyekata shauri. Mwezi wa Novemba 1919, Paul Schlumberger aliandikiana mapatano na wanawe wawili, Conrad na Marcel. Alikubali kutoa mpaka franka 500.000 kwa utafiti wao. Mzee huyo wa viwanda aliweka sharti: faida ya sayansi itangulie faida ya pesa. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili walifanya kazi pamoja, Conrad upande wa fizikia na Marcel upande wa vyombo. Kama wazo lingeanguka, pesa hiyo ingepotea.

Mwaka wa 1920 Conrad alichapisha kitabu juu ya utafutaji wa umeme chini ya udongo. Mwaka wa 1921 Marcel alijaribu kupima ndani ya shimo katika eneo la makaa ya mawe la Bessèges, kusini mwa Ufaransa. Mwaka wa 1923, huko Aricești, Romania, walichora umbo la kilima cha chumvi kilichofichwa chini ya udongo, na katika eneo lile umbo la chumvi ndilo linaloonyesha mahali petroli inapokusanyika. Mwaka wa 1926 ndugu hao walianzisha kampuni yao ya utafutaji wa umeme.

Katika miaka hiyo, timu zao zilikwenda Serbia, Kanada, Afrika Kusini, Marekani, na pia Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Kwa hiyo udongo wetu ni kati ya ile iliyopimwa kwa njia hii mapema, wakati sehemu kubwa ya dunia haijaisikia. Tusisahau tu kwamba katika ukoloni, habari ya kile kilicho chini ya udongo ilikuwa mali ya serikali ya koloni na makampuni. Wakaaji waliokanyaga udongo ule hawakuulizwa kitu.

Septemba 5, 1927

Wachimbaji wa petroli walikuwa na shida yao. Kwa kujua mawe wanayopitia, ilibidi wakate kipande cha jiwe ndani ya shimo na kukipandisha juu. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu na pesa nyingi. Mara nyingine jiwe laini lilivunjika njiani na kufika juu likiwa vumbi. Kwa sehemu kubwa ya shimo, mchimbaji hakuwa na habari ya hakika.

Conrad alitaka vijiti vya umeme viteremshwe ndani ya shimo lenyewe. Nafasi ilipatikana Pechelbronn, kiwanja cha zamani cha petroli katika Alsace, jimbo la kuzaliwa kwake. Kazi alimpa Henri Doll, mhandisi kijana, mume wa binti yake Anne.

Doll na wenzake wawili walitengeneza chombo kirefu, sonda, kwa mabomba yasiyopitisha umeme, wakafunga elektrodi juu yake. Tarehe 5 Septemba 1927 waliteremsha sonda hiyo katika shimo moja la Pechelbronn kwa kebo iliyozungushwa kwa mikono. Walisimama kila mita moja, wakapitisha umeme, wakasoma volti, wakapiga hesabu na kuweka alama juu ya karatasi. Alama zilipounganishwa, ulitokea mstari uliopanda na kushuka kufuata mawe. Jiwe gumu lilionekana, udongo wa mfinyanzi ulionekana.

Walipopima mashimo mengine ya jirani, umbo lile lile lilirudi kwa kina tofauti kidogo. Maana yake ilikuwa wazi: tabaka moja ya mawe inaweza kufuatwa kutoka shimo hadi shimo, na mhandisi anaweza kuona inapanda au inashuka upande gani. Kwa mwenye kiwanja cha petroli, hiyo ilikuwa ramani ambayo hajawahi kuwa nayo.

Tarakimu inayodanganya

Lakini ndani ya shimo, swali la zamani la Conrad lilirudi kwa nguvu zaidi. Shimo la kuchimba halina hewa tupu. Limejaa matope yanayotumiwa kwa kuchimba. Umeme wa sonda unapita kwanza katika matope hayo. Tena maji ya matope yanaingia katika jiwe lenye matundu na kusukuma mbali maji au petroli iliyokuwa humo. Na kama tabaka ni nyembamba, tabaka za juu na za chini zinaingia pia katika kipimo. Tarakimu inayofika juu ni mchanganyiko wa hayo yote.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wanatofautisha ukinzani wa kuonekana na ukinzani wa kweli. Ule wa kuonekana ndio chombo kinaonyesha. Ule wa kweli ndio wa jiwe lenyewe mbali na shimo, na ndio unaosaidia kujua kama ndani ya jiwe kuna petroli au maji ya chumvi. Juu ya jibu hilo kisima kinawekwa mabomba au kinaachwa. Ukikosea upande mmoja, unatupa pesa katika kisima cha maji ya chumvi. Ukikosea upande mwingine, unafunga kisima chenye mafuta na hutajua kamwe.

Njia ya kutoka ilikuwa ile ya bafu: kwanza jua kile ambacho udongo fulani ungeonyesha, kisha linganisha. Sasa bafu halikutosha tena, ilibidi hesabu. Mwaka wa 1930 Conrad, Marcel na mwanajiofizikia Mromania Sabba Stefanescu walichapisha katika gazeti la fizikia la Ufaransa hesabu ya volti inayozunguka elektrodi moja katika udongo wenye tabaka zilizolala. Mwaka wa 1933 mwanafizikia mkubwa wa Kisovieti, Vladimir Fock, alichapisha hesabu ya elektrodi iliyo ndani ya shimo la mviringo.

Kila moja ya hesabu hizo ilijibu nusu ya swali. Moja ilikuwa na tabaka bila shimo, nyingine ilikuwa na shimo bila tabaka. Shimo, matope yaliyoingia katika jiwe na tabaka nyingi kwa mara moja vilishinda kalamu na karatasi.

Miaka ya mwisho

Wakati huo kampuni ilikuwa inapita katika shida. Mwaka wa 1929 timu zilikuwa zimeanza kupima mashimo Venezuela, Marekani na Muungano wa Kisovieti. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, bei ya petroli ikashuka na wateja wakapunguza kazi. Mapatano na Wasovieti ndiyo yaliyosaidia sana kampuni kuvuka miaka hiyo. Conrad, aliyekuwa na mawazo ya mrengo wa kushoto, alivutwa na inchi ile na alisafiri huko mara kadhaa.

Shida haikuzuia utafiti. Karibu mwaka wa 1931 timu zilianza kuandika pia umeme mdogo unaojitokeza wenyewe ndani ya shimo, ndugu wa ule ambao Conrad aliuona juu ya udongo mbele ya vita. Umeme huo unatofautisha mchanga unaopitisha maji na udongo wa mfinyanzi usiopitisha. Mistari miwili ikiwekwa pamoja juu ya karatasi moja, mchimbaji aliona ni tabaka gani inaweza kubeba mafuta na kama inafaa kuijaribu. Kazi ilianza kurudi, na mwaka wa 1934 tawi la Marekani lilifunguliwa Houston, Texas.

Conrad hakuona matunda yote. Tarehe 9 Mei 1936, akiwa njiani kutoka Muungano wa Kisovieti, alikufa ghafula huko Stockholm, Uswidi. Alikuwa na miaka 57. Marcel aliendelea kuongoza kazi mpaka kifo chake mwenyewe mwaka wa 1953.

Hesabu inamfikia

Kisha vita ya pili ya dunia, Doll alikuta njia ya kupita mahali elektrodi zinashindwa. Katika mashimo yaliyochimbwa kwa matope ya mafuta, umeme hautoki kwenye sonda. Doll aliweka koili badala ya elektrodi. Koili moja, yenye umeme unaobadilika mara maelfu kwa sekunde, inazalisha sumaku inayobadilika, na sumaku hiyo inaamsha umeme katika jiwe bila kuligusa. Koili ya pili inapima jibu la jiwe. Alichapisha kazi hiyo mwaka wa 1949, pamoja na hesabu iliyogawa jiwe katika pete nyingi zinazozunguka shimo, na kuonyesha kila pete inachangia kiasi gani katika kipimo. Ilikuwa hesabu ya kukadiria, lakini ilifungua mlango.

Kompyuta zilipopata nguvu, mlango ulifunguka zaidi. Leo programu inakata jiwe, matope na tabaka katika vijumba vidogo vingi sana. Kila kijumba kinapewa ukinzani wake, na milinganyo ya Maxwell, ambayo ndiyo sheria za umeme na sumaku, inatatuliwa kwa vyote pamoja. Programu inatoa kipimo ambacho sonda ingeonyesha katika jiwe hilo la kubuni. Kama hakifanani na kile kilichopimwa kweli, inabadilisha jiwe kidogo na kuanza tena, mpaka vifanane. Katika mashimo yanayochimbwa kwa kulala, kazi hiyo inafanywa wakati kekee bado inazunguka, ili isitoke katika tabaka yenye mafuta.

Hata hivyo kompyuta haijamaliza udhaifu ambao wahandisi wa umeme wa udongo wanaujua tangu zamani. Majiwe mawili tofauti yanaweza kutoa tarakimu karibu sawa. Tabaka nyembamba inayopitisha umeme sana inaweza kufanana na tabaka nene inayoupitisha kidogo. Mhandisi anayeamini programu bila kuuliza wanajiolojia, bila kuangalia vipande vya mawe na mashimo ya jirani, anaweza kupata mchoro mzuri sana na kuchimba mahali pabaya.

Kwa Kongo, jambo hili si la historia tu. Petroli inatolewa Muanda tangu miaka ya 1970, migodi inapimwa upya kila mara, na vijiji vingi vya mashariki vinangojea maji safi ya foraji. Mwenye kujua kusoma tarakimu za chini ya udongo ndiye anayejua thamani ya kile kinachouzwa au kinachochimbwa. Wakati wa Conrad, elimu hiyo ilikaa katika ofisi chache za Ulaya. Leo programu kadhaa za hesabu hizi zinapatikana bure kwa intaneti, na mwanafunzi wa Bukavu au Lubumbashi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kujitengenezea udongo wake, kupitisha umeme ndani yake na kuona tarakimu gani zinatoka, mbele ya kwenda kupima udongo wa kweli.